Vioo vya Kibona na Tela la Ikinga

Siku niliyoaga karakana mlinipa kiti cha kukunja, mkapiga makofi, kisha mkasimama getini kuniangalia nikipanda pikapu ya kunipeleka nyumbani Mpemba. Nikashuka. Nikazunguka nyuma kugusa pini ya tela lililofungwa kwenye pikapu hiyo. Mkaangua kicheko. Najua mnavyosema: kwamba Mzee Mwazembe hata akienda kuzika huuliza kama kuta za kaburi ni imara. Semeni. Ila mmoja wenu aliniuliza kwa adabu, "Mzee, hivi wewe ulianza lini kuwa hivi?" Huyo ndiye ninayemjibu. Wengine mnaweza kusikiliza huku mkikaza nati, kama huwa mnazikaza.

Vyeo na mishahara naviacha. Vyeo vilichelewa na mishahara iliisha. Nitaandika juu ya pikapu moja, tela moja, na dereva mmoja aliyekaribia kuniua kwa heshima.

Kusema kweli nilikuwa hivi tangu utotoni. Mama akinituma kisimani, nilisimama mlangoni nikiwaza kamba ikikatika itakuwaje, na ndoo ikizama nani atalaumiwa. Chuo cha ufundi hakikuniponya. Kabla ya chuo niliogopa kwamba vitu vitavunjika. Baada ya chuo nilijua vitavunjikia wapi.

Nilifika Tunduma miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala, nikiwa na cheti kipya na overoli isiyo na doa. Tunduma ile msiifananishe na hii ya malori yanayopanga foleni. Kulikuwa na kizuizi cha mpakani, maduka machache ya bati, vumbi, na vijana wanaovuka kwenda migodi ya shaba Rodesia ya Kaskazini. Karakana iliyonipokea ilikuwa nyuma ya duka la Bwana Velji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyenunua maharage na ulezi kutoka Ikinga, kwenye milima ya Ileje. Fundi mkuu alikuwa Simbeye, Mnamwanga mwenye ndugu nusu huku na nusu ng'ambo, Nakonde, aliyejifunza magari jeshini wakati wa vita.

Asubuhi ya kwanza Simbeye aliniambia niingie chini ya lori. Nikamwuliza jeki imesimama juu ya nini.

"Juu ya ardhi," akasema.

"Ardhi gani, Mzee? Kavu, au hii iliyolowa jana?"

"Mwaiche," akasema, neno la Kibemba alilomwitia kila kijana, "mimi nilipita vitani Bama risasi zikinipita juu ya kichwa, na sikuuliza hata moja imetoka wapi. Ingia."

Nilitafuta kwanza ubao mpana nikauweka chini ya jeki, ndipo nikaingia. Alinung'unika mpaka saa ya chakula. Kesho yake nilikuta ule ubao umetobolewa na kutundikwa ukutani kwenye msumari wake, na alipotaka jeki alinionyesha ubao kwa kidevu. Hivyo ndivyo alivyonifundisha kazi, kwa kidevu na kwa miguno. Sikuwahi kujua kama ananisifu au meno yanamuuma.

Siku chache baadaye Bwana Velji alileta tela. Alilipata kwa mlowezi mmoja wa Mbozi aliyekuwa akifunga shamba lake. Lilikuwa tela la ekseli moja, magurudumu mawili, mbao nzuri, na pua ndefu ya chuma yenye jicho.

"Funga leo," akasema. "Kesho pikapu iende nalo Ikinga."

"Bwana, pikapu hii haijaandaliwa kuvuta kitu."

"Ina injini. Ng'ombe anavuta mkokoteni, na ng'ombe hana injini."

"Ng'ombe ana nira, Bwana. Na nira inakaa shingoni. Hakuna anayefunga mkokoteni kwenye mkia wa ng'ombe."

Velji akamgeukia Simbeye. "Huyu anasema nini?"

"Anasema Ijumaa," Simbeye akajibu, akaendelea kusugua plagi.

Basi tulikuwa na mpaka Ijumaa. Haya ninayoandika sasa ndiyo mliyokuwa mkinikimbia kila nilipotaka kuwaeleza, kwa hiyo nashukuru kwamba karatasi haina miguu. Chuma cha kuvutia hakifungwi kwenye bampa. Bampa kazi yake ni kupokea mbuzi wa watu. Chuma kinashika chesisi, pande zote mbili, kwa bolti zinazotokeza upande wa pili, na kila nati ina washa ya kuizuia isilegee. Jicho la tela linavaa kwenye pini nene. Pini ina kitundu kwa chini, na kitundu kina kipini chake cha kuizuia isiruke njiani. Kipini hicho si msumari uliokunjwa. Nasema tena kwa sababu nawajua: si msumari.

Chini ya pua tuliweka minyororo miwili, mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, mwingine kutoka kulia kwenda kushoto, ili pini ikikatika pua ianguke juu ya ile minyororo kama mtoto anavyoangukia mbeleko. Kwa minyororo hiyo tuligombana na Simbeye siku nzima.

"Pini ikiwa nzima, mnyororo ni wa nini?"

"Na isipokuwa nzima, Mzee?"

"Kwa nini isiwe nzima? Nimeifua mimi."

"Kwa hiyo mnyororo ni wa siku ambayo wewe hukuifua."

Akanguruma. Akaenda dukani kuchukua mnyororo.

Springi za nyuma za pikapu tuliziongezea jani moja kila upande, maana pua ya tela huketi juu yake. Tela lilikuwa na breki yake ya waya iliyokuwa imekufa kwa kutu; nilikataa liondoke kabla haijafufuka, kwa kuwa breki za pikapu zilitengenezwa kusimamisha pikapu, hazikuahidi kusimamisha na wageni. Mwisho nilitengeneza vioo. Vile vya kiwandani vilimwonyesha dereva sikio lake tu. Nilikata bomba, nikalipinda, nikavitoa vioo nje kama pembe za ng'ombe, mpaka mtu aliyekaa kwenye usukani aliweza kuona magurudumu yote mawili ya tela. Vioo hivyo nilivipenda kuliko kitu chochote nilichotengeneza maishani. Dereva asiyeona nyuma yake ni kama mtu anayevuta mbuzi kwa kamba begani bila kugeuka. Anachojua ni kwamba kamba bado anayo.

Halafu mzigo. Nilichora mstari wa chokaa kwenye sakafu ya tela, juu ya ekseli. Vitu vizito vikae mbele kidogo ya mstari, ili pua iikandamize pini. Vikikaa nyuma, pua inataka kupaa, matairi ya nyuma ya pikapu yanakuwa mepesi, na kwenye mteremko tela linaanza kutikisika kama mkia wa mbwa. Mwishowe mkia ndio unaomwendesha mbwa.

Dereva alikuwa Kibona, Mndali wa Ikinga, mzee wa kanisa, mtu wa kaki iliyopigwa pasi na maneno machache. Dereva mzuri, nisimnyime haki yake. Alikaa kwenye usukani, akatazama vioo, akasema, "Naona mpaka Nakonde." Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima.

Velji alisema kwa kuwa mimi ndiye mwenye wasiwasi, nisafiri nao. Hivyo nikawa utingo mwenye cheti. Na hapo ndipo nilipojua kwamba chuo kilinifundisha chuma na hakikunifundisha watu. Kila kijiji tulichopita kilikuwa na mtu anayetaka kupanda, na kila anayepanda alipanda mkiani, kwa sababu mkiani ni karibu. Nikiwaambia wasogee mbele walisogea. Nikigeuka walirudi. Wakileta ndizi waliziweka mkiani, ili wakifika washuke nazo haraka. Mstari wangu wa chokaa walidhani ni wa kumbukumbu ya marehemu. Mmoja alivua kofia.

Lakini hayo yalikuwa mazoezi. Kisa chenyewe kilikuja masika yakielekea kuisha.

Tukiwa njiani kupanda Ikinga, Kibona, ambaye kwa kawaida hakuongea kwenye milima, aliniambia kuhusu mkamwana wake Atupele, mke wa mwanawe aliyekuwa migodini. Alikuwa na mimba na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mimba iliyotangulia, uchungu ulimshika nyumbani, wakambeba kwa machela kuelekea hospitali ya misheni upande wa Mbozi. Mvua iliwakuta kwenye mteremko. Mtoto alifariki njiani, wakamzika hapohapo chini ya mianzi, na kila safari ya kupanda Kibona hupita mahali hapo na gari tupu.

"Mwanangu aliniachia mkewe," akasema. "Safari hii nampeleka kabla ya uchungu. Bwana Velji amekubali, mradi tela lirudi limejaa. Nisaidie tufike, fundi. Sitaki kuzika tena njiani."

Nikamwambia tutafika. Nilikuwa nimekagua kila kitu. Ningeahidi hata mvua.

Asubuhi, huko Ikinga, nilikwenda kuoga kijitoni wao wakipakia. Niliporudi nilisimama na taulo shingoni.

Lazima niwaeleze, maana siku hizi mnakula na wakwe zenu meza moja. Kwa Wandali wa wakati ule, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke akisikia mkwewe anakuja, huingia kwenye migomba na kujifunika kitambaa. Tangu harusi Kibona hakuwahi kuona uso wa Atupele. Hilo nililijua, na hata sisi Wanyiha tuna heshima zetu. Ambalo sikulijua ni kwamba heshima ina uzito, na uzito wake hukaa mkiani.

Magunia yote ya maharage walikuwa wameyatoa mbele na kuyapanga nyuma ya mstari wa chokaa, yamepandana kama ukuta, ili baba mkwe aliye kwenye usukani asimwone mkamwana. Nyuma ya ukuta, kwenye ncha kabisa ya tela, alikuwa ameketi Atupele, amejifunika, na pembeni yake Shangazi Tusekile, dada yake Kibona, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele, pamoja na mikungu ya ndizi na matenga ya kuku. Mbele ya tela palikuwa patupu, pamefagiliwa.

Halafu nikaona vioo vyangu. Kibona alikuwa amevigeuza vyote viwili vikatazama juu.

"Mzee Kibona, vioo vina nini?"

"Vipo."

"Vinaangalia mawingu."

"Vikiangalia nyuma nitamwona mkwe."

"Visipoangalia nyuma hutaliona tela!"

"Tela nalijua. Ni la bluu."

Nikamwendea Shangazi. Nikamweleza ekseli, pua, pini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Gwe fundi," akasema, akiniita kwa Kindali, "kwenu Mbozi mnakaa na wakwe kwenye kigoda kimoja?"

Watu wakacheka. "Shangazi, sisemi akae naye. Nasema uzito usikae nyuma."

"Uzito gani? Mtoto huyu hata akiwa na tumbo hafiki gunia."

"Si yeye, ni huu ukuta wenu!"

"Ukuta tunautaka."

"Na mimi je?" nikasema kwa hasira. "Mimi nimekaa siku ngapi kwenye hii pikapu ili..."

Kibona akawasha injini. Mzee wa kanisa hujua namna ya kufunga mjadala.

Nilirukia pikapu nikakaa nikitazama nyuma, mkono mmoja juu ya bati la paa. Wanawake walianza wimbo wa kanisani. Tambarare ya kwanza tela lilifuata vizuri, na nilianza kujiuliza kama kweli nina wazimu. Mteremko ulipoanza, pua ilitikisika kidogo. Halafu tela likaenda kushoto, likarudi, likaenda kulia zaidi ya lilivyoenda kushoto. Wimbo ukakatika. Nilipiga paa. Nilipiga kwa ngumi zote mbili.

Gari halikupunguza mwendo. Baadaye Kibona aliniambia alidhani nausindikiza wimbo kwa ngoma, akafurahi kwamba nimekasirika kidogo tu.

Nilitoa kichwa pembeni mpaka kwenye dirisha lake. "Toa mguu! Usikanyage breki! Toa mguu kwenye mafuta!"

Hapo dereva mzuri alionekana. Hakuuliza. Alitoa mguu, akashika usukani wima, akaliacha gari lichoke lenyewe. Tela lilijirusha mara kadhaa, kisha likatulia. Tulisimama penye sehemu sawa. Hatukuwa mbali na ile mianzi, na kila mtu alijua ni mianzi gani.

Niliomba wote washuke. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikafungua minyororo, nikawaambia watoke pembeni. "Nitawaonyesha mnachopanda." Nikachomoa pini.

Pua iliruka juu kunipita kichwa. Mkia ukadunda chini, magunia yakamiminika, kuku wakalia.

Kibona alikuwa amesimama mbele ya gari, ametugeuzia mgongo. "Kumetokea nini?"

"Geuka uone!"

"Siwezi. Mkwe amesimama huko."

Jamani. Nilikaa chini kwenye matope nikashika kichwa. Nimefanya kazi na mabwana walevi, na spea zilizokosa njia, na petroli iliyochanganywa maji, lakini sijawahi kuchoka kama nilivyochoka dakika ile, nikiwa na ushahidi umesimama wima angani na shahidi ninayemtaka hawezi kugeuka.

"Kaka," Shangazi akamwambia kwa sauti iliyopungua, "tela limeketi kama mbwa."

Kibona akasema, bado akitazama bonde, "Kwa hiyo tumrudishe nyumbani?"

Atupele alijikunyata ndani ya kitambaa chake akasogea karibu na Shangazi. Kurudi nyumbani maana yake ilikuwa machela.

Nami nikafanya kile mnachonicheka. Nikaanza kuwaza, na kuuliza maswali yasiyo na adabu. "Shangazi, heshima yenyewe ni kukaa mbali, au ni kutoonana?"

"Kutoonana."

"Nyumba ya Atupele iko mbali na ya mkwewe?"

"Iko jirani. Lakini kuna ukuta wa mianzi."

"Kwa hiyo ukuta wa mianzi unatosha. Si lazima uwe wa maharage."

Alinitazama kana kwamba nimeanza kuongea Kindali. Kisha akapaza sauti kuomba panga.

Mianzi ilikuwepo ya kutosha, hata mingine hatukuigusa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ipi. Tulisimamisha fito nyuma ya kibanda cha dereva, tukafunga mikeka juu yake, tukaikunja kidogo pande zote mbili, ikawa chumba kidogo mbele kabisa ya pikapu, mahali pasiporuka. Atupele atakaa humo juu ya matandiko. Magunia yakarudi kwenye tela, mbele ya mstari. Tulipoishusha pua, ilikaa juu ya pini kwa uzito wake, na Shangazi mwenyewe alijaribu kuinyanyua akashindwa kuimudu kwa mkono mmoja. "Sasa imeshiba," akasema.

Vikabaki vioo. Nilivigeuza vione tela, lakini Kibona alikataa kuvitazama mpaka athibitishiwe kwamba havioni ndani ya mikeka. Na athibitishe nani, wakati mwenye kutazama ndiye asiyetakiwa kuona? Shangazi akaingia ndani ya chumba cha mikeka. Atupele akasogea nyuma ya kichaka. Kibona akakaa kwenye usukani amefumba macho.

"Fumbua, kaka! Unaniona?"

"Sikuoni."

"Nikiinama?"

"Sikuoni. Nakusikia, kama siku zote."

"Basi huyo mtoto atakuwa salama, yeye hapigi kelele."

Tukaondoka. Nilikaa nyuma ya pikapu nje ya mikeka, na tulikubaliana na Kibona: pigo moja juu ya bati la ubavu wa pikapu ni punguza, mapigo mengi ni simama, na ngoma ya kanisa marufuku. Tulishuka milima yote ya Ikinga kwa gia ndogo, tela likitufuata pua chini, na kila nilipotazama kioo cha kulia nilikutana na macho ya Kibona yakitazama tela. Mkasirishaji mkubwa yule. Nilitaka kumbusu.

Bado tulikuwa na mlima mmoja kabla ya kufika Mpemba. Chini yake Shangazi alitoa kichwa kwenye mkeka, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Uchungu umeanza."

Nilipiga bati. Kibona alisimama na kushuka, akageukia porini. Mlima ulikuwa tope, nikaupima kwa macho. Pikapu peke yake ingeupanda. Pikapu na tela ingepanda, ingeteleza, ingerudi, tungechimba, tungeweka majani, tungefika jioni.

"Tulifungue," nikasema.

"Mzigo wa Velji?" Kibona aliuliza. "Nikiuacha njiani, ananifukuza."

"Nitabaki nao. Mzee, tela tumelifunga vizuri ili tuweze kulifungua. Nenda."

Akaja kushika pua upande mmoja, nami upande mwingine, macho ameyashusha chini. Mawe kwenye magurudumu, kigogo chini ya pua, minyororo, pini. Pikapu iliupanda mlima ikipiga kelele, matope yakiruka, mikeka ikitikisika, ikatoweka.

Nikabaki na maharage. Niliwaza nini? Kila kitu. Kwamba fito ya kushoto niliifunga kwa fundo ambalo sikulipenda. Kwamba jani jipya la springi sasa halina uzito na litamrusha Atupele. Kwamba mtu aliyeahidi "tutafika" hakufika. Na watu wa njiani hawakuniacha niteseke kwa amani. Walikuja, wakaona tela, wakapanda.

"Linaondoka saa ngapi?" mama mmoja akauliza.

"Mama, halina gari."

"Tutasubiri."

Wakakaa mkiani. Pua ikaanza kuinuka. Niliwapigia kelele mpaka wote wakahamia mbele, na hadi leo sina hakika kama walikuwa abiria au adhabu.

Jua lilikuwa limeshaegemea nilipoisikia injini. Ilikuja polepole, na upole ule uliniua. Nilijua nini maana ya dereva asiye na haraka tena. Kibona alisimama, akageuza, akarudisha nyuma taratibu akitumia vioo, akalipatia jicho la tela mara ya kwanza. Akashuka. Kaki yake yote ilikuwa tope.

"Nipe pini," akasema.

Nikampa. Aliishusha, akatia kipini, akakaza minyororo, akasimama akiitazama.

"Alizaliwa mlangoni mwa hospitali," akasema. "Wa kike. Analia mpaka Nakonde wanamsikia. Ndaga, fundi." Yaani asante. Halafu akawatazama watu kwenye tela. "Na hawa?"

"Sijui," nikasema. "Naomba usiniulize."

Velji alitupokea kwa kuuliza kwa nini pikapu yake ina nyumba. Simbeye alichungulia mikeka, akavuta fito moja kuona kama imekazwa, akaguna. Kesho yake nilikuta amezitengenezea matundu ya chuma pande zote za pikapu, ili ukuta uwekwe na kutolewa. Meno hayakuwa yakimuuma, nadhani.

Baada ya juma moja hivi tuliwarudisha Ikinga. Tela halikuwa tupu. Velji alikuwa na chumvi na mabati. Magunia ya chumvi yalikuwa mbele ya mstari, Atupele ndani ya mikeka, Shangazi pembeni yake, nami nje. Kibona alikuwa bado hajamwona mjukuu. Kila alipotaka kuonyeshwa mtoto, Atupele alikuwa amemshika, na hapo haiwezekani.

Tulipofika penye njia sawa Shangazi alitoka nje ya mkeka na mtoto mikononi, akamwinua juu ya ukingo upande wa dereva. Nilimshika Shangazi nguo kwa mikono miwili nikimwomba Mungu na nikimtukana yeye, kimoyomoyo. Kwenye kioo changu cha kulia, mahali palipokuwa gurudumu la tela, pakawa na uso mdogo umekunjamana kwa jua.

Nikapiga bati. "Mzee! Angalia barabara!"

"Ana pua ya mama yangu," sauti ikasema kutoka mbele.

"Barabara haina pua! Angalia mbele!"

Ndani ya mikeka Atupele alicheka. Kibona alimsikia, na kwenye kioo nikayaona macho yake yakijaa. Nikapiga bati tena, mapigo mengi, yale ya kusimama. Hakusimama. Nyuma yetu tela lilitufuata limenyooka, pua chini, kama nilivyotaka siku zote. Dereva ndiye aliyekuwa akiyumba.